Kutoka sanamu za askari hadi soko la Burma

Katikati ya Kenyatta Avenue, Nairobi, watu watatu wa shaba wamesimama tangu 1928. Magari yanawapita huku na huku, bodaboda zinapenya, na mchuuzi wa karanga ameegemeza ndoo yake penye kivuli chao. Mpagazi yumo kati yao, nalo si jambo dogo, kwa kuwa sanamu za vita kwa kawaida humpa heshima mwenye bunduki na kumsahau aliyembebea risasi na unga. Aliyezichonga ni James Alexander Stevenson, mchongaji yuleyule wa sanamu ya askari iliyoko Dar es Salaam.

Maneno yaliyoandikwa chini yao yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanasema kwamba hapa wanakumbukwa askari wenyeji wa Afrika pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mtu akiipigania nchi yake, yanaendelea, hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, ambaye mwanawe wa pekee wa kiume alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na mwili wake haukutambuliwa muda wote baba alipokuwa hai. Kipling alifanya kazi katika tume ya kifalme iliyosimamia makaburi ya vita. Ikiwa kuna Mwingereza aliyejua uchungu wa kaburi lisilo na jina, ni yeye. Kwa hiyo siyabezi maneno yake. Nauliza tu kama aliyeahidiwa alitimiziwa, na kwa swali hilo Nairobi ina jibu lake barabarani. Siku hiyo niliamua kulifuata kwa miguu, kutoka kwenye sanamu hadi Kariokor, na kutoka Kariokor hadi Burma.

Sehemu ya kwanza ya jibu haihitaji hata kuiacha Kenyatta Avenue. Kwenye barabara hiihii palikuwa na jumba la maonyesho lililoitwa Theatre Royal, ambalo wakazi wa zamani walilijua baadaye kama sinema ya Cameo. Humo ndani, mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilichezesha bahati nasibu ya ardhi. Wanajeshi Wazungu waliomaliza vita waliitwa majina, na aliyebahatika alipata shamba nyanda za juu. Wapo waliopewa ekari 160 bila kulipa chochote, na wapo waliopata mashamba makubwa zaidi kwa malipo ya kidogo kidogo ya miaka mingi. Bahati nasibu kama hiyo ilichezeshwa London pia. Mashamba yaliyotengwa kwa mpango huo yalipita elfu moja. Sehemu ya ardhi yenyewe ilimegwa kutoka eneo la Wanandi, jamii ambayo vijana wake wengi walikuwa wamevaa sare ya keya, jeshi la King's African Rifles. Kijana wa Kinandi aliyekwenda kupigana na Wajerumani kusini alirudi nyumbani akakuta mpaka umesogea, na jirani mpya ni mwanajeshi mwenzake aliyeshinda bahati nasibu.

Naye Mwafrika aliyerudi alipewa nini? Alipewa kipande. Kuanzia mwaka huohuo wa 1919, wanaume Waafrika walianza kuandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole, wakatembea na karatasi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Jambo hili ndilo lililonikaa akilini safari nzima. Serikali iliyodai kwamba haingeweza kuwafuatilia wapagazi wake ili iwalipe, iliweza kumwandika kila mwanamume kijijini ilipotaka vibarua wa mashamba ya walowezi. Daftari lilikuwepo. Kalamu ilikuwepo. Karani alikuwepo pia.

Niliteremka Tom Mboya, nikaingia River Road ambako ukisimama kufikiri unasukumwa, nikatokea Racecourse Road. Soko la Kariokor huwezi kulipita bila kulijua, maana moshi wa nyama choma unakufikia kabla ya paa. Ndani kuna vichochoro vya viatu vya ngozi vilivyotiwa ushanga, akala za matairi, mikanda, na viondo vilivyorundikwa hadi juu. Wanaume wanapigilia soli, wanawake wanasuka huku wakiongea, na mikono yao haiwasubiri wamalize sentensi.

Kila mwenyeji wa hapa anajua kwamba mtaa ulirithi jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi mahali hapa, kama Kariakoo ya Dar es Salaam ilivyorithi la kwake. Kwa hiyo sikutarajia kumshangaza mama aliyekuwa akimalizia mdomo wa kiondo chekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka cha mkono ama cha mgongo?"

Nilimwambia ningechukua kidogo cha mkono, kisha nikamweleza ninachofuata. Alinisikiliza bila kuinua macho. Hadithi ya wapagazi aliijua, ila alikuwa na swali moja tu.

"Walilipwa?"

Baadhi walilipwa, nikamjibu, na walilipwa kiduchu. Mshahara wa mpagazi ulishushwa vita vilipoendelea hadi rupia tano kwa mwezi kwa kuanzia, kwa kuwa wakubwa waliona si haki mbeba mzigo aonekane ghali machoni pa walowezi waliohitaji vibarua. Waafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika vita vya Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918 walifikia takriban milioni moja ukichanganya wa muda mrefu na wa muda mfupi. Kwa hesabu rasmi, waliokufa ni zaidi ya 90,000. Risasi hazikuua wengi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na wakati mwingine na chakula chenyewe: watu waliozoea ndizi, wimbi au mchele walipewa unga wa mahindi wasioujua, wakaupika haraka nusu mbichi baada ya mwendo wa kutwa nzima, matumbo yakaharibika. Mkuu wa kikosi chao, Oscar Watkins, alihangaika kutaka haki zao zitolewe. Lakini fedha za marehemu wengi hazikuwafikia warithi. Sababu iliyotolewa ni kwamba wenyewe hawakujulikana walipo, majina yaliandikwa ovyo, au hayakuandikwa kabisa.

"Basi hawakulipwa," akasema mama yule, akakata uzi kwa meno.

Alinipunguzia shilingi hamsini. Sijui kama ni kwa sababu ya wapagazi au ni kwa sababu nilimwamkia vizuri.

Mwaka 2021, tume ileile aliyoifanyia kazi Kipling, ambayo leo inaitwa Commonwealth War Graves Commission, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao Waafrika wa upande huu wa mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina yao popote au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yao huenda inafika 350,000. Mzungu alipata jiwe lake na jina lake. Mwafrika alipata sanamu ya pamoja. Watu watatu wa shaba wa Kenyatta Avenue, ukiwatazama kwa jicho hilo, ni risiti ya jumla iliyotolewa mahali pa hesabu ya mmoja mmoja.

Kutoka Kariokor hadi Burma nilikatiza Pumwani na pembeni mwa Gikomba. Njia hiyo siielezi sana. Aliyewahi kupita Gikomba siku ya kufungua mabelo ya mitumba anajua kwamba macho yako yote yanakwenda kwenye mifuko yako.

Burma ni soko la nyama, karibu na uwanja wa City Stadium, upande wa Jogoo Road. Mapaja ya ng'ombe yananing'inia mstari mzima, mashoka yanagonga magogo, na wachuuzi wanakuita kila mmoja kwa cheo anachodhani kitakufurahisha. Kuna mbavu, matumbo, vichwa, kwato za supu. Ukinunua kilo yako unaweza kuchomewa papo hapo, ukaletewa ugali na kachumbari kwenye ubao. Inasimuliwa kwamba jina lililetwa na askari waliorudi kutoka vita vya pili vya dunia, na tarehe zinaafikiana na simulizi hiyo.

Waafrika wa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki walioingia jeshini katika vita hivyo walikaribia au kupita 300,000. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyopelekwa Burma. Mwaka 1944, katika mvua za masika ya huko, iliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw, mahali palipojaa malaria na homa nyingine kiasi kwamba bonde lenyewe lilipewa jina la mauti. Desemba mwaka huo walivuka mto Chindwin. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu, ikaua watu karibu 1,300, miongoni mwao wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa ndani ya tumbo la meli.

Waliorudi walirudi na vitu viwili: kiinua mgongo na hasira. Kuhusu kiinua mgongo, nyaraka zilizochapishwa 2019 zilionyesha kilichokuwa kikinong'onwa na wazee kwa miaka sabini, kwamba malipo ya kuagwa jeshini yalipangwa kwa rangi pia, si kwa cheo na muda peke yake. Mzungu wa vikosi vya kikoloni aliweza kulipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Serikali ya Kenya ya wakati huo iliwapeleka baadhi ya askari hao Jeanes School, Kabete, kusomeshwa ufundi na kazi za jamii, na mafunzo hayo yaliwafaa waliobahatika. Lakini askari aliyejifunza kuendesha lori kutoka Nanyuki hadi Asia alitaka leseni ya lori lake mwenyewe, duka lake mwenyewe, shamba lake mwenyewe. Alichokuta ni foleni ya vibali na kipande kilekile. Waruhiu Itote alipigana Burma, akarudi, akafanya kazi ya kuchochea moto kwenye injini za treni. Baadaye aliingia msituni, na serikali ikamjua kwa jina la Jenerali China. Bildad Kaggia naye alivaa sare katika vita hivyo, akarudi akawa miongoni mwa watu sita waliohukumiwa Kapenguria. Sisemi kwamba kila mwanajeshi aliyekosa leseni aliingia msituni, maana wengi walirudi wakalima kimya kimya. Lakini serikali inayomfundisha mtu kupigana kisha ikamnyima riziki isishangae akikumbuka alichofundishwa.

Wazee wa Burma wamebaki wa kuhesabika. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa ajili ya wanajeshi wa zamani wa makoloni wanaoishi katika umaskini, ili angalau wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, baada ya miaka sabini na tatu, kwa watu waliokwisha kupita tisini! Msaada ni msaada na mwenye njaa haulizi tarehe. Mimi sina njaa, kwa hiyo nauliza.

Kwenye kibanda nilichoketi kula, aliyekaa meza ya pili alikuwa na sare ya kampuni ya ulinzi, mtu wa miaka hamsini na kidogo, kiti amekigeuza kuelekea mlangoni. Nairobi kila mlinzi huitwa soja. Huyu alikuwa mwanajeshi kweli, na mwenye bucha alinidokezea hivyo kwa kumwita afande huku akimuongezea supu. Nilimsalimu, nikamwambia ninaandika juu ya wanajeshi waliorudi nyumbani. Alifikiri kidogo.

"Andika, lakini jina langu liache."

Alistaafu akiwa koplo. Alikwenda Somalia baada ya majeshi ya Kenya kuvuka mpaka Oktoba 2011, na hakutaka kueleza zaidi ya kusema kwamba alikwenda na akarudi. Kilichompa maneno ni maisha ya baada ya hapo. Alipotoka alipewa kiinua mgongo, shemeji yake akamshauri anunue matatu, akainunua. Ndani ya mwaka mmoja na nusu ilikuwa juu ya mawe nyuma ya gereji, dereva na makanga wametoweka. "Jeshini ukiagizwa gurudumu linaletwa," akaniambia. "Uraiani kila kitu kina mtu wa kati." Pensheni inaingia, hakulalamika juu yake, lakini ina wanafunzi wawili ndani yake na mama mgonjwa. Ndiyo maana analinda lango usiku.

Usiku unamfaa, akasema, kwa kuwa kulala ni shida hata hivyo.

Nilimuuliza kama amewahi kumwona daktari kwa hilo. Alicheka, kisha akaniambia ambacho nadhani ndicho kitu cha maana kuliko vyote nilivyosikia siku hiyo. Hospitali aliyokwenda ilimpa vidonge vya presha. Aliyemsaidia ni sajini wake wa zamani, aliyemtafuta kwa simu akamwingiza kwenye chama chao. Wako kumi na wanane, wote wa kikosi kimoja. Wanachanga kila mwezi, wanakutana nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, wanazika pamoja, wanalipia hospitali pamoja. Mwanzoni alidhani ni chama cha pesa. Baadaye akagundua wenzake nao hawalali. Siku ambayo mmoja wao hajibu simu mara mbili, wawili wanaondoka kwenda kumgongea mlango.

"Mke wangu aliniambia, afadhali urudi kwenye jeshi lako la Jumapili, ukitoka huko unakuwa mtu."

Hayo ndiyo niliyoyakuta Burma, na ndiyo yaliyokuwako tangu zamani. Chama cha wanajeshi wa zamani cha KAFOCA, ambacho vilabu vyake vinajulikana katika miji mingi ya Kenya, kiliota kwenye mzizi huohuo wa watu waliolala kwenye handaki moja kutaka kuketi meza moja. Msaada unaoshika ni wa mwenzako wa kikosi. Ila kundi la watu kumi na wanane haliwezi kujenga hospitali, wala haliwezi kumlipia mwenzao mguu wa bandia kila unapochakaa. Hapo ni kazi ya serikali. Kenya ilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022, inayozungumzia kutambuliwa kwao na mafao yao na ya wategemezi wao. Koplo wangu aliisikia redioni. Alikuwa hajaonana na mtu yeyote aliyemweleza aende dirisha gani.

Ugonjwa wa daftari haukuisha na ukoloni. Tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na al-Shabaab. Majeneza yalirudi, familia zikalia mbele ya kamera, na serikali haikutangaza hadharani idadi kamili ya waliouawa. Kuna sababu za kijeshi za kunyamaza siku ya kwanza na wiki ya kwanza. Baada ya hapo kunyamaza ni mazoea. Nchi isiyosema imepoteza wangapi itapata shida kusema inawadai fadhila wangapi.

Upande wa habari njema, miaka ya karibuni watafiti wa tume ya makaburi wakishirikiana na jeshi la Kenya wamepata katika kambi ya zamani ya Waingereza jijini Nairobi marundo ya karatasi zilizochakaa, zenye majina ya Waafrika zaidi ya 3,000 waliotumikia katika vita vya kwanza. Kwa hiyo waliandikwa. Karatasi zilikuwa katika jiji lilelile la zile sanamu.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna sanduku la babu, lifungue. Tafuta kitabu chake cha kuagwa jeshini, nishani, barua yenye namba ya kikosi, hata picha iliyoandikwa nyuma. Namba hiyo ndiyo inayomtofautisha yeye na Kamau au Mutua au Otieno mwingine katika karatasi zile. Ipeleke Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, au uwaandikie wenyewe wa tume. Na kama babu bado yuko hai, au kama una kaka aliyerudi kutoka Somalia na analala mchana, msaidie kutambuliwa chini ya sheria hii ya 2022 kabla maafisa hawajasema, kama walivyosema wale wa kikoloni, kwamba hawakujua wenyewe walipo.